Kipimo cha damu cha CA-125: nani apime, damu ichukuliwe vipi, majibu yasomwe namna gani

Wanawake wa aina mbili huomba kipimo cha CA-125. Wa kwanza ni mzima, hana kinachomuuma, ila amesikia jirani ameugua saratani ya ovari, vile vifuko vya mayai ya uzazi, na anataka kujiridhisha. Wa pili tumbo linamsumbua wiki ya tatu sasa, analala nalo na kuamka nalo. Sindano ni ileile na bei ni ileile. Lakini kwa yule wa kwanza kipimo hiki karibu hakina faida, na kinaweza kumtia kwenye matatizo ambayo hakuwa nayo. Kwa huyu wa pili kinaweza kumpunguzia miezi ya kuzungushwa. Maelezo haya ni ya huyu wa pili, ya anayemsindikiza, na ya tabibu wa zahanati au kituo cha afya anayejaza fomu ya maabara.

Kwa nini asiye na dalili asipime

CA-125 ni protini inayotolewa na utando unaofunika viungo vya tumboni na kifuani, pamoja na utando wa mji wa mimba na wa mirija ya uzazi. Robert Bast na wenzake kule Marekani ndio waliotengeneza kingamwili ya kuitambua mwaka 1981, na mwaka 1983 ukapatikana utaratibu wa kuipima kwenye damu. Tangu hapo mpaka unaotumika ni yuniti 35 kwa mililita: chini yake huhesabiwa kawaida, juu yake huhesabiwa imepanda.

Tatizo liko kwenye chanzo chake. Utando huo ukichokozwa na chochote, iwe saratani, hedhi, mimba, usaha au kifua kikuu, protini hupanda. Kwa upande wa pili, saratani ya ovari yenyewe si lazima iipandishe. Ukihesabu wagonjwa wa hatua zote, takriban 8 kati ya 10 hukutwa imepanda. Ukiwahesabu wa hatua ya kwanza peke yao, ambao ndio tungetaka kuwakamata, ni kama nusu tu. Nusu nyingine wataambiwa "majibu yako mazuri" na kurudi nyumbani na ugonjwa.

Jambo hili halikuachwa kwenye kubahatisha. Uingereza iliandikisha wanawake 202,638 waliokwisha kukoma hedhi, wenye miaka 50 hadi 74, kati ya 2001 na 2005. Kundi moja lilipimwa CA-125 kila mwaka na mwenendo wake kufuatiliwa, jingine ultrasaundi kila mwaka, na la tatu, kubwa kuliko yote, halikupimwa. Matokeo ya mwisho yalitoka 2021. Katika kundi la damu saratani nyingi zaidi zilikamatwa zikiwa changa, lakini idadi ya waliokufa haikupungua kwa kiwango cha kuaminika. Marekani nako, kwa wanawake 78,216, vifo havikupungua. Huko, 3,285 waliambiwa wana dalili ya saratani kumbe hawana. 1,080 kati yao wakafanyiwa upasuaji wa kutafuta ugonjwa ambao haukuwepo, na 163 wakapata madhara makubwa ya upasuaji huo.

Sababu mojawapo ni kwamba aina ya saratani inayoua zaidi mara nyingi haianzii kwenye ovari. Huanzia kwenye ncha za mirija ya uzazi, na chembe zake hudondoka tumboni mapema, kabla uvimbe haujawa mkubwa wa kuonekana au kumwaga protini ya kutosha kwenye damu. Kipimo cha mara moja kwa mwaka kinakuta mwizi ameshavuka mto.

Kwa hiyo ukikuta CA-125 imepachikwa kwenye kifurushi cha "kupima mwili mzima" na huna dalili, iondoe, hela yako ifanye kazi nyingine. Ukiwa na miaka 30 na kuendelea, kapime mlango wa kizazi. Hilo ndilo pimo la wenye afya ambalo limethibitika kuokoa. Ila tusichanganye: kupakwa siki au kuchukuliwa sampuli ya kirusi cha HPV ni kwa ajili ya mlango wa kizazi peke yake. Majibu mazuri huko hayasemi lolote kuhusu ovari.

Wapo ambao hesabu yao ni tofauti. Ukiwa na ndugu wa damu wawili au zaidi wa upande mmoja, tuseme mama na dada yake, waliougua saratani ya ovari, au ya ovari na ya matiti, onana ana kwa ana na daktari bingwa wa magonjwa ya wanawake. Inawezekana familia ina hitilafu kwenye jeni za BRCA1 au BRCA2. Mwenye hitilafu ya BRCA1 ana uwezekano wa karibu 40 kwa 100 wa kuugua saratani ya ovari maishani. Wa BRCA2 ni chini ya nusu ya huo. Hata kwao, kinga inayoaminika ni kuondoa ovari na mirija baada ya kumaliza kuzaa, kwa kawaida kati ya miaka 35 na 40 kwa BRCA1 na 40 hadi 45 kwa BRCA2. CA-125 ya kila baada ya miezi kadhaa haichukui nafasi ya upasuaji huo.

Dalili zinazostahili kipimo

Ni nne, na zote ni za kawaida mno, ndiyo maana hupuuzwa. Tumbo kujaa au kuvimba. Kushiba upesi, matonge matatu ya ugali na mtu anasogeza sahani. Maumivu ya tumbo la chini au nyonga. Kukojoa mara kwa mara au kubanwa na mkojo ghafla.

Hakuna mwanamke ambaye hajawahi kupata mojawapo. Kinachozitofautisha ni kwamba zimeanza ndani ya mwaka huu, hazikuwepo zamani, na zinajirudia zaidi ya siku 12 kwa mwezi. Mwongozo wa Uingereza wa mwaka 2011 unatumia kigezo hichohicho, na unasisitiza zaidi wenye miaka 50 na kuendelea. Njia rahisi ya kuhesabu ni kalenda ya ukutani: kila siku yenye dalili weka alama, na mwisho wa mwezi nenda nayo hospitali. Tabibu akiona alama 17 hatasema "ni gesi tu" kwa wepesi aliozoea.

Kuna ishara moja ambayo kina mama wenyewe huiona kabla ya daktari: kanga iliyokuwa ikizunguka kiuno mara moja na nusu sasa haifiki, huku mabega na mashavu yanakonda. Tumbo linalokua wakati mwili unapungua si unene.

Hapa ndipo wengi hupotelea. Mama wa miaka 55 anafika zahanati analalamika tumbo, anapewa dawa za vidonda vya tumbo. Baada ya wiki mbili anarudi, anapimwa taifodi, anapewa dawa. Safari ya tatu ni mkojo, anapewa dawa za yutiai. Miezi minne imekwisha na hakuna aliyemlaza kitandani. Tunashauri kanuni moja: dozi ya kwanza ikiisha na dalili ziko palepale, isiandikwe ya pili kabla ya tumbo kupapaswa. Mwanamke akojoe kwanza, alale chali, apapaswe kuanzia juu kwenda chini mpaka kwenye nyonga. Kisha tumbo ligongwe kwa vidole upande kwa upande, akigeuzwa, kuona kama mlio mzito unahama na maji.

Ukipapasa ukakuta uvimbe ambao si wa mimba wala si faibroidi inayojulikana, au ukakuta maji tumboni, usingoje CA-125. Andika rufaa siku hiyohiyo. Damu inaweza kuchukuliwa njiani au huko aendako, lakini asirudishwe kwao, tuseme Chemba au Kibakwe huku mkoani Dodoma, kusubiri majibu.

Kabla ya kuchukua damu

Huna haja ya kufunga. Kula, kunywa chai, njoo.

Kinachohitaji mpango ni siku. Kama bado unaona hedhi, usipime ukiwa kwenye siku zako, kwa sababu CA-125 hupanda yenyewe. Ngoja siku chache baada ya damu kukatika. Pima mimba kwanza, maana miezi mitatu ya mwanzo ya ujauzito huipandisha pia. Umejifungua au umefanyiwa upasuaji wa tumbo karibuni? Subiri angalau wiki 6. Una homa na uchafu wenye harufu, yaani maambukizi ya nyonga? Yatibiwe kwanza, kipimo baadaye. Aliyekwisha kukoma hedhi hana sababu ya kuahirisha, apime leo.

Sasa jambo ambalo karibu hakuna anayeuliza: vidonge vya nywele na kucha. Vingi vina bayotini, tena miligramu 5 hadi 10 kwa kidonge, kiasi kikubwa mara nyingi kuliko mahitaji ya mwili. Baadhi ya mashine za maabara hutumia bayotini kama gundi ya kushikiza kipimo. Damu ikijaa bayotini ya vidonge, gundi hiyo inashindwa, na CA-125 husomeka chini kuliko ilivyo. Mgonjwa anaonekana mzima. Acha vidonge hivyo siku 3 kabla na bado mwambie mtu wa maabara kwamba ulikuwa unatumia.

Kama kuna mpango wa kutoa maji tumboni au kupasua, damu itangulie. Kuchokonoa tumbo hupandisha CA-125, na namba ya mwanzo itakuwa imepotea.

Kwa anayechoma sindano

Chukua mililita 4 hadi 5 kwenye chupa ya kifuniko chekundu, au ya njano yenye jeli. Kifuniko cha zambarau ni cha picha nzima ya damu; usikitumie hapa mpaka maabara inayopokea iseme yenyewe kwamba inakikubali. Andika jina, namba ya mgonjwa, tarehe na saa kwenye mwili wa chupa. Kifuniko huvuliwa, na jina likiwa juu yake huenda nalo.

Simamisha chupa wima kwenye joto la chumba dakika 30 hadi 60 damu igande kabisa. Kuharakisha hatua hii ndiko kunakozaa nyuzinyuzi zinazoziba mrija wa mashine. Baada ya hapo izungushwe kama dakika 10, kisha seramu, yale maji ya manjano ya juu, ihamishiwe kwenye chupa safi. Mililita 1 inatosha na kubaki ya kurudia. Seramu iliyotengwa hukaa kwenye friji, nyuzijoto 2 hadi 8, kwa siku 5. Zaidi ya hapo igandishwe kwenye nyuzijoto 20 chini ya sifuri. Usigandishe damu ambayo haijatengwa. Chembe zitapasuka na sampuli itakuwa ya kumwaga.

Vituo vingi havina mashine ya kipimo hiki, kwa hiyo sampuli husafiri. Kutoka Mpwapwa au Kondoa kuja Dodoma mjini, mwezi wa Oktoba au Novemba, ndani ya gari lililoegeshwa juani ni tanuri. Seramu isafiri kwenye kiboksi cha barafu, ikitenganishwa na barafu kwa kitambaa au karatasi ili isigande nusu. Kama kituo hakina mashine ya kuzungushia damu, ni afadhali asafiri mgonjwa kuliko chupa.

Fomu iwe na umri, tarehe ya hedhi ya mwisho au mwaka ilipokoma, dalili na muda wake, dawa anazotumia na majibu ya ultrasaundi kama yapo. Fomu iliyoandikwa "CA-125" na sahihi tu inampa mtu wa maabara namba bila habari.

Majibu yametoka

Namba huandikwa kwa yuniti kwa mililita, U/ml. Maabara nyingine huandika kU/L. Ni kitu kilekile, 40 ni 40. Ila maabara mbili zenye mashine tofauti hazilinganishwi: 48 ya huku na 61 ya kule si ushahidi kwamba imepanda. Ukianza na maabara moja, rudia hapohapo, na omba jina la mashine liandikwe kwenye majibu.

Chini ya 35 na dalili bado zipo: hujaruhusiwa kwenda nyumbani kusahau. Kumbuka ile nusu ya hatua ya kwanza. Aina zenye utelezi mzito kama kamasi pia mara nyingi haziipandishi CA-125. Zenyewe hupandisha CA 19-9 au CEA, ambazo nazo hupimwa kwenye damu. Fanya ultrasaundi, na kama dalili zinaendelea mwezi mmoja baadaye, rudi. Tena aliyekoma hedhi kwa kawaida huwa na namba ndogo, mara nyingi chini ya 20. Kwake namba inayopanda kutoka 12 hadi 20 hadi 31, kwenye maabara ileile, inastahili jicho la daktari ingawa kila karatasi imegongwa "kawaida".

Kati ya 35 na 200 ni uwanja wa ukungu. Kwa mwanamke anayeona hedhi, orodha ya visababishi visivyo saratani ni ndefu: endometriosisi (utando wa mji wa mimba kuota nje yake), faibroidi, maambukizi ya nyonga, mimba, hedhi yenyewe. Kwa yeyote, hata asiyeona hedhi: ini lililosinyaa, moyo ulioshindwa kazi, maji ya mapafu, kifua kikuu cha tumbo. Ultrasaundi ikiwa safi, tafuta hivyo kwanza, kisha rudia damu baada ya wiki 4 hadi 6.

Zaidi ya 200, apelekwe kwa bingwa hata kama ni kijana. Hata hivyo, namba kubwa peke yake si jina la ugonjwa, wala haitoshi kuanzisha dawa za saratani au kumwambia mgonjwa "una saratani". Jina la ugonjwa hutoka kwenye kinyama kilichochunguzwa na mtaalamu wa patholojia.

Ultrasaundi, na hesabu ya mistari mitatu

Inayoona vizuri ovari ni ile ya kuingiza kifaa ukeni, na hiyo hutaka kibofu kitupu. Kama itafanyika juu ya tumbo, kunywa maji lita 1 saa moja kabla na usikojoe. Kibofu kilichojaa huyasogeza matumbo na kuwa dirisha la kuonea. Wagonjwa wengi huharibu hapa: wanakojoa dakika tano kabla ya kuitwa, picha inaonyesha gesi, ripoti inaandikwa "ovari hazikuonekana vizuri" na mambo yanaishia hapo. Ripoti kama hiyo si majibu ya kawaida, ni kipimo ambacho hakijafanyika.

Ripoti inayosaidia hutaja ukubwa wa kila ovari kwa sentimita na mambo matano: uvimbe una vyumba vingi? Una sehemu ngumu ndani? Uko pande zote mbili? Kuna maji tumboni? Kuna dalili ya kusambaa kwenye ini au kwingineko?

Hayo matano ndiyo yanayoingia kwenye hesabu ambayo madaktari huiita RMI, iliyotolewa Uingereza mwaka 1990. Haihitaji kompyuta, inafanyika nyuma ya kadi ya kliniki:

Alama ya picha: hakuna hata moja kati ya yale matano ni 0; moja ni 1; mbili au zaidi ni 3.
Alama ya hedhi: bado anaona ni 1; imekoma ni 3.
Zidisha alama hizo mbili, kisha zidisha kwa CA-125.

Mama wa miaka 58, hedhi ilikoma zamani, CA-125 yake ni 84, ultrasaundi inaonyesha uvimbe pande zote mbili wenye sehemu ngumu. 3 mara 3 mara 84 ni 756. Dada wa miaka 29, CA-125 yake ni 180, picha inaonyesha vimbe za endometriosisi pande mbili bila sehemu ngumu wala maji. 1 mara 1 mara 180 ni 180. Ukiangalia damu peke yake ungemkimbilia dada na kumwacha mama. Mpaka unaotumika sana ni 200, na baadhi ya miongozo huweka 250. Ukivuka hapo, upasuaji ufanywe na anayejua saratani za wanawake.

Hesabu hii ina kasoro ambayo inafaa kuijua kabla ya kuiamini. Alama ya picha ikiwa 0, jibu ni 0 hata CA-125 ikiwa 900. Kwa hiyo picha mbovu inaua hesabu nzima. Pia haiwafai wasichana, ambao uvimbe wao ni wa asili nyingine. Chini ya miaka 40, uvimbe wenye sehemu ngumu ukiwepo, ongeza vipimo vya AFP, beta-hCG na LDH kwenye damu ileile. Vimbe za umri huo zinazotokana na chembe za mayai hukua haraka, na habari njema ni kwamba hutibika vizuri sana zikikamatwa.

Na si kila uvimbe wa maji ni wa kupasuliwa. Mwenye kuona hedhi, uvimbe wa chumba kimoja, maji safi, chini ya sentimita 5: mara nyingi huondoka wenyewe, hata CA-125 haihitajiki. Sentimita 5 hadi 7, rudia ultrasaundi kila mwaka. Aliyekoma hedhi, chini ya sentimita 5, upande mmoja, maji safi na CA-125 ya kawaida: ultrasaundi kila miezi 4 hadi 6 kwa mwaka mmoja, na isipobadilika anaachwa.

Kifua kikuu cha tumbo

Tumekitenga kwa sababu hapa kwetu ndicho kinachodanganya zaidi. Mwanamke wa miaka 32, tumbo limejaa maji, amekonda, ana homa za jioni, CA-125 yake ni 600 na zaidi. Kwenye karatasi anafanana kabisa na mwenye saratani ya ovari iliyosambaa, na wapo waliopasuliwa kwa sababu hiyo tu. Kifua kikuu cha utando wa tumbo kinaweza kuifikisha CA-125 kwenye mamia, hata maelfu.

Kabla ya kisu, uliza kikohozi, homa, jasho la usiku, na kama kuna mtu nyumbani aliyetumia dawa za TB. Pima VVU. Piga picha ya kifua, lakini kifua kisafi hakiondoi TB ya tumbo. Maji yakitolewa, yagawanywe: sehemu iende kuhesabiwa chembe na protini, sehemu ikapimwe ADA, kimeng'enya kinachopanda kwenye TB, mahali kipimo hicho kinapopatikana, sehemu iende patholojia kutafutwa chembe za saratani. Mashine ya GeneXpert ikikosa TB kwenye maji ya tumboni haimaanishi haipo, kwa sababu vijidudu humo huwa vichache. Mara nyingi kinachomaliza ubishi ni kinyama cha utando, kilichochukuliwa kwa kamera ndogo ya tumboni. Akipona TB, CA-125 hushuka yenyewe.

Kosa la kuyatoa maji na kuyamwaga kwenye ndoo bila kupeleka hata chupa moja maabara halina utetezi.

Rufaa na upasuaji

Kwa Dodoma njia ya kawaida huanzia hospitali ya wilaya, kwenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa au Hospitali ya Benjamin Mkapa iliyoko eneo la Chuo Kikuu cha Dodoma. Tiba ya saratani kwa upana wake iko Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, na tangu treni ya SGR ilipoanza kufika Dodoma mwaka 2024 safari hiyo imefupika. Piga simu kwanza kuuliza siku ya kliniki ya bingwa na kama kipimo unachokitaka kinafanyika wiki hiyo, vitendanishi huisha. Uliza pia bima yako inalipia nini, kabla hujafika dirishani.

Beba karatasi ya CA-125 yenyewe pamoja na picha za ultrasaundi, kalenda ya dalili, majibu ya VVU na mimba, na ripoti za upasuaji wowote wa zamani.

Uvimbe wa ovari unaoshukiwa usichomwe sindano kupitia tumboni "kuona kuna nini". Saratani iliyofungiwa ndani ya ovari ikimwagika tumboni hupanda daraja, na mgonjwa ambaye pengine angemaliza kwa upasuaji tu sasa atahitaji dawa. Kwa sababu hiyohiyo, mpasuaji anapaswa kuutoa uvimbe mzima bila kuupasua, aoshe tumbo na kupeleka maji hayo kuchunguzwa, na achukue sampuli za utando wa mafuta na sehemu nyingine. Hospitali isiyoweza kufanya hivyo ni bora ipeleke mgonjwa mbele kuliko kupasua mara ya kwanza vibaya.

Kinyama kilichotolewa kiingie kwenye fomalini ya asilimia 10, mara 10 ya ujazo wa kinyama, kwenye chombo chenye mdomo mpana. Kontena dogo likijazwa nyama na kunyunyiziwa fomalini kidogo, katikati huoza kabla dawa haijafika. Ndugu, kabla hamjatoka wodini ulizeni: sampuli imepelekwa patholojia gani, kwa namba gani, na majibu yatafuatwa lini? Uvimbe uliotolewa ukatupwa bila kuchunguzwa humwacha mgonjwa akisubiri miezi, mpaka tumbo lijae tena.

Namba hii inapofanya kazi yake vizuri

Kwa aliyekwisha kuthibitishwa na kuanza tiba, CA-125 ni msaidizi mzuri kuliko kwa mtu mwingine yeyote. Iliyopimwa kabla ya upasuaji ndiyo msingi. Baada ya hapo hupimwa kabla ya kila dozi ya dripu ya dawa za saratani, ambazo kwa kawaida ni kila wiki 3. Protini hiyo hupungua kwa nusu kila baada ya siku 5 au 6 hivi, kwa hiyo ikiwa ugonjwa wote umeondoka, namba inapaswa kuporomoka ndani ya wiki chache. Siku za kwanza baada ya kisu isipimwe. Itakuwa juu kwa kidonda tu.

Tiba ikiisha, wengine hupima kila mwezi na kukosa usingizi wiki nzima ya kusubiri. Mwaka 2010 zilitoka takwimu za wanawake 529 waliomaliza tiba kisha CA-125 ikapanda bila dalili. Nusu walirudishiwa dawa mara tu namba ilipopanda, nusu waliachwa mpaka walipopata dalili. Hawakupishana umri wa kuishi, na waliowahishwa walikaa muda mrefu zaidi kwenye dripu. Mjadiliane na daktari kabla: namba ikipanda peke yake, mtafanya nini? Kama jibu ni "tutangoja dalili", mnaweza kukubaliana kutopima kabisa na kushika kliniki ya kila miezi 3, ambako tumbo litapapaswa na ile kalenda ya ukutani itasomwa.